Barua Yenye Ilibaki Ndani ya Kaye

Velo ya papa haikukuwa ya papa, ilikuwa ya Maison. Ku cadre ya ile baiskeli balikuwa baliandika 9 na rangi nyeupe. Papa akirudi hapa kwetu Mususa, mu Butembo, alikuwa anaiingiza ndani ya nyumba, anaiegemesha ku ukuta pembeni ya kitanda, na mama anamuambia:

— Ile bibi yako ya pili ananikulia fasi.

— Yee haombake chumvi, papa anajibu. Na hasemake.

Mama anamutupia kitambaa ya vyombo, bote babili banacheka. Mimi na batoto bengine tunacheka juu bo banacheka.

Maison ilikuwa depo ya dawa. Ilikuwa inatuma kinini, sérum, sindano na barua za ba-infirmier mupaka ku centre de santé za Mabalako, upande ya Mangina. Mwaka ule wa 2001 gari hazikukuwa tena zinaenda kule. Pont za mito zilivunjika, na gari yenye ilijaribu kupita, basoldat balikuwa banaikamata, banapakia bintu yabo na babibi yabo. Donc Maison ilitafuta banaume kumi na babili, ikabapa velo. Hapana za kupanda. Ni za kusukuma. Unafunga fimbo moja ku guidon ya kushikia, ingine nyuma ya kiti, unapakia carton mupaka mutu hakuone tena kichwa, na unasukuma na miguu yako. Siku moja na nusu kutoka Butembo mupaka Beni, banalala kule, kisha asubui Mangina. Papa, jina yake Ésaïe, alikuwa mukubwa kwabo bote. Magoti yake yalikuwa yanalia wakati anakaa. Sisi tulikuwa tunayasikia.

Ukipita Beni, mbele ya kuingia mu pori, kuko fasi banaita kwa Nzanzu. Ni muzee mwenye anauzisha chai na ndizi ya kuchoma chini ya bache, turubai. Pale kila mutu wa kusukuma alikuwa anasimama. Hapana juu ya chai. Bale benye banatoka upande ya Mabalako, kila asubui balikuwa banakata jani ya ngazi, ule muti ya mafuta ya mawese, banaifunga ku guidon. Bakifika kwa Nzanzu, bale ba huku banaangalia jani. Kama iko mubichi, njia ni muzuri, unaweza kuingia. Kama imekauka, ni ya jana, na jana haiko leo. Na kama hakuna mutu anatokea, na weye hauendi. Unakaa. Ata siku mbili. Hakuna mutu alibafundisha ile, ni vita njo ilibafundisha, na papa alisema kama tangu banaifuata hakuna mutu alibaki mu pori.

Kisha directeur alileta fiche.

Directeur Siméon alikuwa mutu ya Butembo hapa hapa, alisoma Kampala. Asubui yote alikuwa anaongea ku phonie, ile radio ya kuitana, na bakubwa ba Maison benye beko Kampala, na bo banamuuliza: dawa zilifika saa ngapi? Sasa kila mutu alipewa karatasi. Kutoka Beni saa kumi na mbili. Kufika Mangina mbele ya saa nane, infirmier aandike saa na atie sinyatire. Mwenye anachelewa, banamupigia musalaba ya bic nyekundu. Misalaba tatu, anarudisha velo, na ku mulango ya depo kulikuwa banaume banakaa tangu asubui banangojea paka ile.

Papa aliisha kuwa na mbili. Zote mbili juu alingojea jani.

Siku moja ya mungu, kisha misa, bale kumi na babili balikuya kwetu. Balikaa mu kiwanja, bengine ku mbao, bengine chini. Idi alikuya pia, ata kama yee haingiake misa, ni muislamu wa Beni na rafiki mukubwa wa papa. Alinipa bic na kuniita:

— Madame secrétaire! Ingia mu bureau yako.

Balicheka. Niliinamisha kichwa.

— Muache, papa alisema. Huyu ata kuku ikimuangalia, anasikia haya. Lakini andiko yake, mutaona.

Nilikuwa mu deuxième secondaire. Mwalimu alikuwa anatufundisha lettre officielle, na papa alikuwa anajua, juu nilikuwa nasomaka barua za mwalimu kwa sauti kubwa jikoni wakati sijue kama ananisikia.

— Andika, Kamate alisema. Kamate alikuwa kijana wa kusukuma na hasira yake ilikuwa mbele ya kila kitu. Andika: patron, sisi hatuko bambuzi.

— Hapana andika bambuzi, Idi alisema. Mutu akisoma bambuzi anawaza nyama.

— Basi andika kama njia haina saa!

— Ile ni muzuri, papa alisema. Ile, andika.

Niliandika na français kila kitu balisema: kwa Nzanzu, jani mubichi, jani kavu, vile tunaomba patron aruhusu mutu angojee bila kupigiwa musalaba. Nilipofika chini, barua haikukuwa na mwisho. Mwalimu alisema barua bila formule de politesse ni mutu anatoka mu nyumba bila kuaga. Hakuna mutu aliniambia, mimi mwenyewe njo niliongeza: *En attendant votre réponse, nous respecterons vos heures.*

Nilibasomea kwa Swahili. Nilipofika pale nilisema:

— Wakati tunangojea jibu yako, tutaheshimu masaa yako.

Kamate alifanya sauti ku meno. Lakini papa aliitika na kichwa mara mingi.

— Ni adabu, alisema. Mutu akiomba kitu, haanze kuikamata mbele bamupe. Wasingya, aksanti, mwana wangu.

Nilifurahi. Nafikiri sikuwahi kufurahi vile mbele ya batu.

Idi alivunja bic ingine, akamimina wino mu sahani, na kila mutu alitia kidole. Vidole kumi na mbili chini ya maandiko yangu. Sasa nani ataipeleka? Mwenye anapeleka njo ataitwa chef ya fujo, na velo yake itaenda.

— Mutoto aipeleke, Idi alisema. Anapita pale akienda ku masomo. Mutoto ana velo gani ya kunyanganywa?

Papa aliniangalia.

— Utaweza?

Nilisema ndiyo, juu bote balikuwa bananiangalia, na nilitaka baache.

Kesho yake, siku ya kwanza asubui, nilikuwa ku bureau ya Maison. Barua ilikuwa ndani ya kaye yangu ya kuandikia géographie. Kulikuwa banc, kulikuwa mama mumoja anaandika na machine, na phonie ilikuwa inalia nyuma ya mulango. Nilisimama. Mama wa machine hakuniona, ao alifikiri niko mutoto wa mutu. Nilijifunza maneno mu roho: *Bonjour monsieur le directeur, papa ananituma.* Nilisema ile mara kumi bila kutoa sauti.

Mulango ilifunguka na directeur mwenyewe alitoka. Nilifikiri atakuwa mukubwa. Alikuwa mufupi, na macho mekundu kama mutu mwenye hakulala. Alisimama mbele yangu.

— Na weye, mutoto? Unataka nini?

Kaye ilikuwa mu mikono yangu. Nilifungua kinywa, na kile kilitoka ni:

— Maji.

— Maji?

— Nilikuwa naomba maji ya kunywa.

Hakukasirika. Alicheka kidogo, akaita: «Patieni mutoto maji, ya mu filtre.» Balinipa mu kopo ya bleu. Yeye alirudi ku phonie, na nilisikia anasema ku bakubwa yake: «Oui, oui, bataondoka kesho, oui, à l'heure.» Nilikunywa maji yote, nikarudisha kopo, nikasema merci, nikaenda ku masomo.

Mangaribi papa alinikuta jikoni.

— Ulipeleka?

— Ndiyo.

— Kwake mwenyewe?

— Kwake mwenyewe.

— Alisema nini?

Mama alikuwa anasonga bugali, aliacha mwiko isimame. Nilisema:

— Alisema atasoma.

Papa alikaa chini. Magoti yake yalilia.

— Eh. Kama alisema atasoma, ni mutu, alisema. Mama Séphora, unasikia? Ni mutu.

Nilijiambia kesho, mbele ya kengele, nitarudia pale. Kesho nilipita upande ingine ya barabara. Nilijiambia siku ya tatu. Siku ya tatu papa alikuwa aliisha kufika Beni.

Kile kilifanyika kwa Nzanzu, ni Idi njo alituambia, na alituambia mara moja tu. Balifika pale asubui, balikuwa bane. Balisimamisha velo. Balikunywa chai. Njia ilikuwa mweupe, hakuna mutu anatokea upande ya Mabalako. Jua ilipanda. Muzee Nzanzu mwenyewe alisema: «Leo ndege hazisemi.» Idi alifungua viatu, kusema ana mupango ya kukaa. Kamate alilala chini ya velo. Lakini papa alibaki wima, anaangalia jua, saa ya batu benye habana saa.

— Muzee Ésaïe, kaa chini, Idi alimuambia. Tuliandika. Patron aliisha soma.

— Hajajibu.

— Kusoma na kujibu ni kitu kimoja!

— Haiko kitu kimoja, papa alisema. Tuliweka vidole juu ya neno moja: tukingojea jibu, tutaheshimu masaa yake. Nikikaa hapa leo, atasema bale batu banaandika neno na banaila. Barua yetu itakufa.

— Ile ni français ya mutoto!

— Ni mutoto yangu, papa alisema.

Kisha alisema pia, polepole, kama kule Mabalako kinini ilikuwa imekwisha, na kama ana misalaba mbili. Alifunga tena kamba za carton. Alikamata fimbo ya guidon na fimbo ya nyuma. Kamate alimutukana na machozi mu macho. Idi alimuambia: «Nitakufuata jani ikitokea.» Papa alijibu:

— Basi mi nitakukatia jani.

Njo neno yake ya mwisho.

Jani haikutokea siku ile. Haikutokea kesho yake. Keshokutwa basoldat bengi balipita, bakapiga masasi kule ndani, kisha mangaribi bamama babili ba Mangina balitoka na majani mubichi ku mikono. Njo Idi na Kamate na mwenzabo baliingia. Balimukuta haiko mbali. Carton zilienda, velo ilikuwa inalala mu nyasi. Balimuzika pale pembeni ya njia juu hakukuwa namna ya kumuleta. Idi alisema du'a yake, Kamate akasema Baba Yetu.

Kisha siku tatu, mangaribi, nilikuwa nafua mu kiwanja. Niliona Idi anatokea ku kona, anasukuma velo ya papa. Hakukuwa na carton. Ku guidon kulikuwa jani ya ngazi, mubichi kabisa, inatingika. Roho yangu iliruka: jani mubichi, basi njia ni muzuri! Sekonde moja tu. Nafikiri Idi aliifunga bila kuwaza, vile mutu anafunga viatu. Nyuma yake Kamate alikuwa anatembea, kofia mu mikono.

Mama alitoka na alipiga makelele yenye sitaeleza.

Matanga bila maiti ni kitu mbaya. Batu banaingia, hawajue fasi ya kuangalia. Mwisho baliweka velo katikati ya kiwanja, ku fasi yenye sanduku ingekuwa, na bamama bakaketi chini kuizunguka, banalia, banaita jina ya papa. Majirani balileta sombe na makala. Siku ya pili directeur Siméon alikuya na muchele na mama wa machine. Alivua kofia. Alipiga magoti mbele ya mama, na hakufanya kama mutu anaigiza, suruali yake ilichafuka.

— Mama, pole. Maison inalia pamoja na weye.

Mama hakuinua kichwa. Directeur alisimama, akageukia banaume.

— Lakini, wenzangu, juu ya nini aliingia peke yake? Baliniambia leo tu, habari ya jani. Leo! Kama mutu moja angeniambia mbele…

Kisha Idi alisimama.

— Unasema nini?

— Nasema kama ningejua…

— Tulikuambia! Tulikuandikia! Vidole kumi na mbili, na wino!

— Barua gani? Sijaona barua.

— Muongo! Kamate alipiga kelele. Ni fiche yako ilimuua! Alikufa anangojea jibu yako!

— Naapa mbele ya Mungu, sijaona…

— Unaapa ku matanga? Muongo! Mutoto alikupa mu mukono!

Kamate alimukamata ku shati, bouton ikaruka. Bamama balianza kulia tena, na bengine balisema: muongo, muongo, bakubwa bote beko vile. Muzee moja alisema batoke naye ku barabara. Directeur alikuwa anageuza macho, anatafuta mutu wa kumusaidia, na macho yake yalinikuta ku mulango ya jikoni. Alinitambua. Niliona vile ananitambua: mutoto ya maji. Lakini hakusema kitu. Labda hakuelewa bado. Labda alielewa.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mutu angeuliza. Batu bote balikuwa na mutu wa kuchukia, na mimi ningebaki mutoto wa Ésaïe mwenye aliandika barua muzuri.

Niliingia mu nyumba. Kaye ya géographie ilikuwa chini ya matelas ya kitanda. Barua ilikuwa ingali, imekunjwa mara mbili, wino ya vidole imegusa upande ingine na kuandika vidole bingine. Nilitoka nayo. Nilipita katikati ya bamama, nikaruka miguu yabo, na nilisikia banasema: huyu anaenda wapi? Nilifika mbele ya directeur. Mukono ya Kamate ilikuwa ingali ku shati yake. Nilimupa barua.

Nilitaka kusema *papa ananituma*. Haikutoka.

Kamate aliangalia karatasi, aliniangalia, kisha mukono yake ilifunguka yenyewe. Idi alisema polepole sana:

— Séphora.

Directeur alisoma. Alisoma ya mbele na ya nyuma, ata kama nyuma hakukuwa kitu. Ku mwisho vidole yake vilisimama ku sentensi yangu, na midomo yake ilitembea.

Idi njo alimuuliza:

— Sasa umeisoma. Kama angekupa siku ile, ungesema tungoje?

— Ningeita Kampala ku phonie.

— Na Kampala ingesema nini?

— Ingesema dawa zifike. Kule batoto banakufa pia.

— Sijauliza Kampala. Weye.

Directeur aliangalia velo, na jani yenye ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

— Sijue, alisema. Nataka kusema ndiyo. Sijue.

Alikunja barua, akaiweka mu mufuko ya shati, ile yenye haikukuwa tena na bouton. Alienda. Hakuna mutu alimusindikiza, hakuna mutu alimutukana.

Hawakunipiga. Nilingojea banipige. Bamama balirudi ku nyimbo yabo, na wakati balikuwa bananipisha njia balivuta bitenge kidogo ili bisiniguse, ao labda mimi njo niliona vile. Idi alikaa pembeni ya moto mupaka giza, na alipoenda aliweka mukono ku kichwa yangu, muzito, na hakusema madame secrétaire. Hajasema ile tena.

Kisha siku tatu alirudi kuchukua velo, juu Maison iliiomba. Mutu mwengine alikuwa aliisha pewa namba 9. Idi alisema ku fiche mupya saa ziko paka zile zile, lakini kando, directeur aliandika na mukono wake: *kwa Nzanzu, kungoja jani.* Haijulikane kama Kampala inajua.

Mama alimuambia angoje kidogo. Alifungua jani ku guidon, polepole, kama vile anafungua nywele ya mutoto. Ilikuwa imekauka kabisa na ilivunjika mu mikono yake. Alikusanya vipande mu kitenge. Idi alisukuma velo, akatoka, na tulisikia roue mupaka kona.

Tulibaki sisi babili ndani. Tangu nilimupa directeur barua mama hakukuwa ameniongelesha, paka «lete» na «weka». Mama wa machine aliisha kumuelezea habari ya maji. Alikuwa ananipa mugongo.

— Ile siku ku bureau. Alikupa maji?

— Ndiyo, mama.

— Ukakunywa.

— Nilikunywa.

— Yote?

— Yote.

Aliitika na kichwa, kama vile mutu anasikia habari ya mbali sana. Kisha aliniambia nilete fagio. Ku ukuta, pembeni ya kitanda, fasi yenye velo ilikuwa inasimama kulibaki matope kavu ya njia, miviringo mbili, moja ya roue ya mbele, moja ya nyuma. Nilileta fagio. Nilisimama nayo. Mama naye alisimama. Hakuna mwenye alianza.